Walitafuta Mafuta, Wakakuta Gesi

Kando ya mto Rufiji kuna kilima kiitwacho Wingayongo, ambacho mawe yake ya mchanga yamelowa lami. Hakuna mkandarasi aliyeimwaga hapo. Ilipanda yenyewe kutoka chini ikiwa mafuta, ikajipenyeza kwenye vitundu vya jiwe, sehemu yake nyepesi ikapotea hewani na nzito ikaganda. Huko Pemba, ufukweni Tundaua, mafuta nayo hujitokeza kidogo kidogo. Msimbati, karibu kabisa na mdomo wa Ruvuma, zimeonekana dalili za namna hiyo hiyo. Kwa mtu wa kazi hii, dalili kama hizi zina maana mbili zinazopingana. Panapovuja, chini pana kitu. Au palikuwa na kitu, na kimeshavuja kikaisha.

Mwaka 1952 kampuni za BP na Shell, zikifanya kazi kwa ubia, ziliingia kutafuta jibu. Eneo lao lilikuwa pwani yote ya Tanganyika pamoja na Mafia, Unguja na Pemba. Wanajiolojia wao walizunguka mabonde ya Kilwa na Lindi wakigonga mawe kwa nyundo, wakatoboa visima vifupi zaidi ya mia moja vya kusomea tu mpangilio wa matabaka, halafu wakachoronga vinne virefu: Mafia, Unguja, Mandawa na Pemba. Kile cha Unguja kilishuka zaidi ya kilomita nne. Katika vyote vinne hakikupatikana kitu cha kuuza, na mwaka 1964 ubia ule ukafunga virago.

Visima vikavu havikosi faida, ingawa aliyevilipia ni vigumu kumshawishi. Kile cha Mandawa, bara ya Kilwa, kilikata chumvi nene iliyolala kilomita kadhaa chini ya mashamba ya korosho. Pamoja nayo yalikutwa matope meusi yaliyogeuka mwamba, yaliyojaa masalia ya viumbe. Chumvi ya namna hiyo hutengenezwa na jambo moja tu: maji ya bahari yanayoingia mahali pasipo na njia ya kutokea, yakakauka, yakaingia tena, yakakauka tena, kwa maelfu ya miaka. Ndugu yake ni jasi, ambayo malori huibeba hadi leo kutoka Makangaga, Kilwa, kupeleka viwanda vya saruji. Kwa hiyo pwani hii iliwahi kuwa na bahari nyembamba, ya joto, iliyofungiwa. Imefungiwa na nini, wakati leo mtu akisimama Kilwa Kivinje na kutazama mashariki haoni kizuizi chochote mpaka upeo wa macho?

Imefungiwa na Madagaska.

Alfred Wegener, Mjerumani aliyeanza kueleza nadharia yake ya mabara yanayosafiri mwaka 1912, aliiweka Madagaska ubavuni mwa Afrika Mashariki. Alexander du Toit wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1937, alikubaliana naye na kuibananisha na pwani ya Kenya na Tanganyika. Si wote walioafiki. Wapo waliosema kisiwa kilitokea ubavuni mwa Msumbiji kwa kusogea mashariki tu, na wapo walioshikilia kwamba hakijawahi kutoka kilipo. Ubishi huo ulidumu kwa miongo, na ungeendelea kama majibu yangetafutwa nchi kavu peke yake.

Ushahidi ulikuwa sakafuni mwa bahari. Sakafu mpya ya bahari huzaliwa kwenye ufa ambamo mwamba wa moto hupanda na kuganda, na unapoganda chembe zake za chuma hushika mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati huo. Kwa kuwa usumaku huo hugeuka mara kwa mara, sakafu hubaki na michirizi, mmoja wa mwelekeo huu na wa pili wa mwelekeo ule, inayofanana kila upande wa ufa. Mwaka 1983 Philip Rabinowitz na wenzake, Millard Coffin na David Falvey, walichapisha usomaji wao wa michirizi ya bonde la bahari lililo mbele ya Somalia na Kenya. Waliukuta ufa wenyewe, umekufa zamani, na pande zake mbili zilipokunjwa pamoja Madagaska ilirudi kukaa mkabala na Somalia, Kenya na Tanzania. Iliachana na bara kiasi cha miaka milioni 160 na ushee iliyopita, ikateleza kuelekea kusini, na ilipofika kiasi cha miaka milioni 120 iliyopita ikasimama. Kovu la safari hiyo lipo: ni mgongo mrefu chini ya maji, unaoitwa Davie, ulionyooka toka mbele ya pwani ya Tanzania hadi mlango wa Msumbiji.

Lakini kabla ya kuachana kulikuwa na kuvutana, na kuvutana huko kulichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Tangu karibu miaka milioni 300 iliyopita, katika zama zinazoitwa Karoo, bara kubwa la Gondwana lilikuwa likitanuka na kupasuka, likifanya mabonde ya ufa yaliyojaa mito, vinamasi na maziwa. Makaa ya mawe ya Ngaka na Mchuchuma, kusini mwa Tanzania, ni miti ya zama hizo. Mabonde mengine yalizama zaidi hadi bahari ikaingia, kwanza kwa kunyata, ikiacha chumvi ya Mandawa, kisha kwa mafuriko ya kudumu. Upande wa pili wa ufa, magharibi mwa Madagaska, mafuta mazito yamelala kwenye mawe ya Karoo huko Bemolanga na Tsimiroro. Mwenye kutaka kuielewa Wingayongo sharti avuke bahari aangalie na huko.

Mahali pazuri pa kuiona bahari hiyo changa ni Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa ya mijusi wa kale (dinosaria) imejitokeza juu ya ardhi, na kati ya 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilifanya uchimbaji mkubwa uliotegemea mamia ya vibarua na wapagazi wa Kusini. Mwangalizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye wataalamu walimtegemea kwa jicho lake, na ambaye ilibidi angoje hadi mwaka 2007 ndipo mjusi mmoja wa Tendaguru apewe jina lake, Australodocus bohetii. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Kwa kuwa mjusi mkubwa kuliko wote waliotoka huko bado amesimamishwa Berlin, mjadala wa Tendaguru kwa kawaida huishia kwenye mifupa na nani mwenyewe.

Kwa mwanajiolojia wa mafuta, habari iko kati ya mifupa. Matabaka ya Tendaguru yamepangana kwa zamu: tabaka lenye mijusi, juu yake tabaka la mchanga lenye kombe za baharini, kisha mijusi tena, kisha kombe tena. Miaka milioni 150 iliyopita bahari ilikuwa ikipanda na kushuka mbele ya mlango wa hao wanyama. Madagaska ilishaanza kuondoka, na nyuma yake ilibaki bahari isiyo pana bado, yenye mabonde ya maji mazito huko chini ambamo hewa haikufika.

Hewa ndiyo inayoamua. Katika bahari ya kawaida, vijidudu na vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho vikifa huliwa au huoza kabla ya kufukiwa, na mafuta yao hupotea. Pakikosekana oksijeni chini, masalia hayo hujikusanya pamoja na matope laini na kufunikwa. Mafuta ya baharini, basi, si mijusi iliyoyeyuka, kama vibonzo vingi vinavyodai, wala si maziwa ya majimaji yaliyofichwa pangoni. Ni mabaki ya viumbe vidogo mno yaliyonaswa ndani ya tope jeusi, na yangebaki hivyo milele kama tope lisingezama.

Lilizama. Kila kilomita moja ya kushuka ardhini huongeza joto kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi. Tope likifika penye joto la nyuzi 60, masalia huanza kujibadili kuwa mafuta, na kazi hiyo huendelea hadi kwenye nyuzi 120 na kitu. Likipita 150, mafuta yenyewe huvunjika yakawa gesi. Ni kama kupika tui: kuna dakika yake, na ukilisahau jikoni hulikuti ulivyoliacha, isipokuwa jiko hili huhesabu kwa mamilioni ya miaka na hakuna wa kulizima.

Pwani ya kusini ya Waswahili ilisahauliwa jikoni. Mito ya kale iliyotoka bara, mababu wa Rufiji na Ruvuma, iliendelea kumwaga mchanga na matope juu ya yale matope meusi, mzigo juu ya mzigo, hadi sehemu kubwa ikashuka kupita kina cha mafuta. Sababu ya pili ilitoka kwenye mito hiyo hiyo. Ilibeba majani, magome na vipande vya miti, na masalia ya mimea ya nchi kavu hata yakipikwa kwa kiasi hutoa gesi zaidi kuliko mafuta. Wanajiolojia hawakubaliani sababu ipi kati ya hizo mbili ina uzito zaidi mahali gani, lakini matokeo yake hayana ubishi, na kampuni ya Kitaliano ya AGIP ndiyo iliyoyapata mwanzo.

Ilikuwa mwaka 1974, katika kisiwa cha Songo Songo, mbele ya Kilwa. AGIP ilifanya kazi na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lililoundwa miaka mitano kabla. Kisima chao kilikuta gesi kwenye mawe ya mchanga ya mwanzo wa zama za Kreta. Kwa nchi iliyokuwa imepigwa na bei mpya za mafuta baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, habari ya nishati chini ya ardhi yake ingepaswa kupokelewa kwa vigelegele. AGIP ilipiga hesabu ikaona haina biashara: gesi haisafirishwi kwa mapipa, na mteja wa karibu hakuwapo. TPDC iliendelea kuchoronga peke yake kupima ukubwa wake. Mwaka 1982 AGIP ikakuta gesi tena, safari hii Mnazi Bay, Mtwara, na tena haikuiendeleza. Katika miaka hiyo kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa kwa kutumia gesi ya Songo Songo. Hakikujengwa.

Miaka thelathini ilipita toka kisima cha kwanza hadi gesi ilipofika Dar es Salaam. Mwaka 2004 bomba la zaidi ya kilomita mia mbili, lililopita chini ya bahari hadi Somanga na kisha nchi kavu, lilifikisha gesi Ubungo ikaanza kuendesha mitambo ya umeme iliyokuwa ikila mafuta ya kununua nje.

Huko kwenye maji makubwa hakuna aliyekuwa amefika bado. Hesabu ya watafiti ilikuwa hivi: kama mito ilileta mchanga mwingi hivyo, haukuweza wote kubaki pwani. Mchanga uliolundikana kwenye ukingo wa mteremko wa bahari ulikuwa ukiporomoka mara kwa mara, ukashuka kwa kasi pamoja na maji mazito ya matope kupitia mabonde ya chini ya bahari na kutandazwa mbali, kwenye vina virefu, kama mashuka mapana. Mashuka hayo yalifunikwa na matope. Gesi iliyokuwa ikipanda kutoka chini ingeyakuta, ingeingia kwenye nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, na ingezuiwa hapo. Ilibidi meli zinazopima kwa mitetemo zipite kwanza, zikipiga mawimbi ya sauti na kusikiliza mwangwi wake kutoka chini ya sakafu.

Mwaka 2010 mambo yalifunguka pande zote mbili za Ruvuma. Februari, Anadarko ya Marekani ilikuta gesi kwenye kisima cha Windjammer, upande wa Msumbiji. Mwaka uliofuata Eni ya Italia ikaikuta Mamba. Upande wa Tanzania, Ophir na BG zilianza na Pweza, zikafuata na Chewa na Chaza, na baadaye Jodari, Mzia na Papa. Katika Kitalu namba 2, Statoil ya Norwei na mshirika wake ExxonMobil hawakutaka samaki, wakachagua viungo vya jikoni: Zafarani mwaka 2012, halafu Lavani, Tangawizi, Giligilani, Mdalasini. Zafarani ilichorongwa penye maji ya kina cha mita 2,582, yaani mtambo ulianza kugusa mwamba pale ambapo kisima cha Unguja cha BP na Shell kilikuwa kimeshavuka nusu ya safari yake. Hesabu ya gesi iliyogunduliwa Tanzania ikapanda hadi futi za ujazo trilioni 57.54, kiasi cha 47 kati ya hizo zikiwa bahari kuu. Msumbiji, ambako mdomo wa Ruvuma ulimwaga mchanga mwingi zaidi, ilipata zaidi ya trilioni 100. Mafuta ya kuuzwa hayakuonekana upande wowote.

Jambo ambalo huelezwa mara chache ni kwa nini gesi hiyo haikutoka. Gesi hupanda kwa wepesi kuliko mafuta, na hupenya panapokataa kupitisha mafuta. Jibu lake liko juu ya ardhi, kwenye vilima vya kijani vilivyo karibu na Kilwa Masoko na Lindi, ambako matope yale yale ya bahari ya kina yameinuliwa yakawa nchi kavu. Paul Pearson wa Uingereza na wenzake, wakishirikiana na TPDC, walitoboa visima vifupi katika udongo huo wa mfinyanzi. Hawakuwa wakitafuta gesi. Walitafuta foraminifera, viumbe wa baharini wenye chembe moja na gamba la chokaa dogo kama punje ya mchanga, ambao kemia ya gamba lao huhifadhi joto la maji waliyoishi.

Mahali pengi duniani magamba hayo yakitolewa huwa meupe kama chaki, kwa sababu maji yamepenya mwamba na kuyabadilisha. Ya Kilwa yalipowekwa chini ya hadubini yalikuwa angavu kama kioo, vitundu vyake vyote vikionekana, ingawa yana umri wa miaka milioni 40 na zaidi. Udongo wa huko ni laini na umekazana kiasi kwamba maji hayakuweza kupita ndani yake kwa muda wote huo. Kwa sayansi ya tabianchi hilo lilibadili vitabu: magamba ya Tanzania yalionyesha kwamba bahari za tropiki za zama hizo zilikuwa na joto kuliko ilivyodhaniwa kutokana na magamba yaliyoharibika ya kwingineko. Kwa upande wa gesi, maelezo ni mafupi. Udongo usiopitisha maji ndio unaofunika gesi. Mfuniko huo mmoja ulihifadhi kumbukumbu ya joto la dunia na akiba ya nishati, na waliochoronga kwa ajili ya kimoja waliwasaidia waliochoronga kwa ajili ya kingine.

Pasipo na mfuniko wa namna hiyo, au ulipokatwa na nyufa, mambo yakawa kama Wingayongo.

Kaskazini ni hadithi nyingine, na fupi. Mbele ya pwani ya Kenya, Apache ilichoronga Mbawa mwaka 2012 ikakuta gesi isiyotosha. Mwaka 2014 BG ilichagua kuchoronga kitu tofauti kabisa, mwamba wa matumbawe wa kale uliofukiwa, na katika kisima hicho cha Sunbird ikakuta mafuta yenyewe, ya kwanza kuonekana katika bahari ya Kenya, chini ya kofia ya gesi. Hayakufikia kiwango cha biashara. Yalithibitisha, hata hivyo, kwamba jiko halikuwa na moto sawa kila mahali.

Mipaka ya wanadamu imepita juu ya haya yote bila kuulizana na matabaka. Kuwekwa pamoja kwa Unguja na Pemba ni mfano mzuri. Unguja imekaa juu ya rafu ya bara na mkondo wake wa bahari una kina cha makumi ya mita tu. Pemba imekatwa na mfereji wa mita mia kadhaa, uliozama kwenye ufa, na ndiyo sababu dalili zake za mafuta zimewavuta watafiti zaidi. Mwaka 1968 mafuta na gesi viliingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano, na kwa karibu nusu karne suala la nani atatoa leseni lilizuia hata upimaji. Sheria ya petroli ya mwaka 2015 iliipa Zanzibar mamlaka ya kusimamia ya kwake, na Oktoba 2018 serikali ya visiwa ikasaini mkataba na RAK Gas ya Ras al Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Kusini mgogoro ulikuwa wa barabarani: mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipinga bomba la kupeleka gesi yao Dar es Salaam, Mei ikawa ya moto na vifo, na bomba likakamilika mwaka 2015. Kiwanda cha kusindika gesi ya bahari kuu huko Likong'o, Lindi, kilifikia makubaliano ya awali Juni 2022 kati ya serikali na kampuni za Equinor, ambayo ndiyo Statoil ya zamani, na Shell, iliyoinunua BG. Msumbiji ilitumia njia ya meli: tangu Novemba 2022 gesi ya eneo la Coral inasindikwa na kupakiwa papo hapo baharini.

Mafuta ghafi ambayo BP na Shell waliyatafuta pwani yalipatikana kwingine, Hoima, kando ya ziwa Albert, mwaka 2006, na bomba la kilomita 1,443 limepangiwa kuyaleta Chongoleani, Tanga. Kanuni ni ile ile ya tope jeusi na joto, ila viungo vimebadilika. Huko chanzo ni mwani wa ziwa la ufa, si mimea iliyobebwa na mito, na umri wa ufa wenyewe ni mdogo mno ukilinganishwa na wa Karoo, hivyo tope lake halijapata muda wa kuzama hadi kwenye joto la kuyavunja mafuta. Mwani wa ziwa pia hutoa mafuta yenye nta nyingi, ambayo huganda kwenye joto la kawaida la mazingira, na kwa sababu hiyo bomba lote la kuelekea Tanga limebuniwa likiwa na mfumo wa kulipasha moto njia nzima.